Ndiyo Mia na Ishirini za Sindano

Jumatatu, tarehe 11 Machi. Mawingu tangu alfajiri, upepo hakuna, joto la kugandisha shati mgongoni. Mvua ilitishia mara mbili na haikunyesha.

Saa mbili na dakika kumi, kabla mashine ya fotokopi ya kitivo haijapata moto, mpwa wangu aliingia chumbani kwangu, akaweka mezani fomu ya kurasa mbili na kusema, "Shikamoo, Mjomba. Nitolee nakala tatu. Usiisome."

Nikaisoma. Mtu akikupa karatasi na kukukataza kuisoma, amekwisha kukusomea nusu yake. Ilikuwa fomu ya kuahirisha mwaka wa masomo, imejazwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, imetiwa saini. Palipobaki wazi ni mahali pa muhuri wa ofisi ya usajili tu.

"Mama yako anajua?"

"Atajua."

"Atajua lini?"

"Likishakuwa jambo, Mjomba. Sasa hivi bado ni karatasi."

Nilimtolea nakala zake tatu. Nikaandika daftarini jina la fomu, idadi na saa, kama nilivyoandika kila kazi kwa miaka kumi na saba niliyokaa katika chumba hicho. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, lakini mitihani yote ya kitivo, matangazo yote na barua zote za onyo zimepita mikononi mwangu. Haya ninayoyaeleza nimeyatoa humo daftarini, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Huyu binti ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Wanafunzi wenzake humwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa kila aliyechanika humkimbilia. Mama yake ni fundi cherehani. Alimlea peke yake kwenye chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, mchana kikiwa karakana na jioni nyumba. Sindano alijifunza kusoma kwa kutazama vipimo vya wateja vilivyoandikwa kwa chaki ukutani. Alipochaguliwa kusomea kemia, dada alifunga kazi siku nzima, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa msiba.

Mwaka wa kwanza wote, ukimuuliza Sindano atafanya kazi gani, alijibu kwa neno moja: maji. Alitaka kukaa kwenye maabara ya kupima maji ya kunywa, avae miwani, asainie chupa. Aliliongea jambo hilo hadi mimi mwenyewe nikawa naitazama glasi yangu kwa wasiwasi.

Mwaka wa pili alibadilika, na nadhani najua sababu, maana nusu ya sababu hizo nilizichapa mimi. Kwanza lilikuja somo la ujasiriamali, la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa kemia au wa historia. Yakafuata mabango ya kubandika kwenye korido, mlangoni hadi chooni: Usingoje kuajiriwa. Ajira ni wewe. Mhadhiri wa somo hilo, mtu mwenye mwendo wa haraka na mashati ya mikono mifupi, wanafunzi walimwita Bwana Fursa, kwa sababu hakuweza kuagiza hata chai bila kulitaja neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya wanafunzi mia nne, na aliwapigania.

Sababu ya tatu haikuandikwa kwenye bango lolote. Kila Jumatatu asubuhi alikuja kwangu kijana mmoja aliyemaliza kemia miaka miwili kabla, akiwa na bahasha ya kaki, kutoa nakala za cheti chake. Cheti kilekile, bahasha ileile. Sindano alikuwa akimkuta hapo. Walisalimiana, wakazungumza mambo ya mhadhiri fulani aliyehama, kisha kijana akaondoka na bahasha yake. Siku moja baada ya hapo Sindano aliniuliza, bila kunitazama, "Mjomba, huyu kaka ametoa nakala ngapi mpaka sasa?" Nilikuwa na jibu daftarini. Nikamwambia sikumbuki.

Basi somo la ujasiriamali likamtaka kila mwanafunzi abuni biashara, aithibitishe kwa hojaji mia na ishirini, aiwasilishe mbele ya jopo. Mshindi wa kila kitivo angepewa chumba kwa mwaka mzima kwenye jengo la kulea biashara changa, ambalo wanafunzi waliliita Kitotoleshi. Sindano alibuni makoti ya maabara. Makoti ya chuo yalikuwa ya kipimo kimoja, kama magunia yenye vifungo. Yeye angeshona yanayomkaa mtu mwilini, kwa kitambaa kizito kisichopitisha asidi haraka. Alitoa nakala za hojaji yake kwangu, akazigawa, akazikusanya. Zote mia na ishirini zilisema ndiyo, wangenunua.

Jopo lilikuwa Alhamisi. Atakayepewa chumba alitakiwa kuwa humo kutwa, siku tano kwa wiki, kwa hiyo aahirishe masomo, na fomu ifike dirisha la usajili kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa. Lingekuwa jambo dogo, ila mtaala wa kemia ulikuwa unabadilishwa. Atakayetoka mwaka huu angerudi kwenye mtaala mpya, aanze mwaka wa kwanza na waliotoka sekondari jana. Miaka miwili ya Sindano ingefutika. Hilo lilikuwa ukurasa wa pili wa fomu, kwa herufi ndogo.

Kilichonikosesha raha nilikuwa nacho mwenyewe. Wiki ya hojaji, mashine yangu ilitoa hojaji za wanafunzi karibu mia tatu. Nje ya mlango wangu kuna benchi refu. Niliwaona wamekaa hapo na marundo, wakibadilishana. Huyu anamjazia yule, yule anamjazia huyu, hakuna anayesoma. Walikuwa na jina lake: nijaze nikujaze. Niliona, nikanyamaza, nikidhani si kazi ya mtu wa fotokopi.

Jumatatu hiyo, nakala tatu zikiwa bado mezani, nikamuuliza, "Zako zilijazwa na nani?"

"Na watu."

"Watu wa wapi?"

"Wa bwenini. Wa darasani. Mjomba, watu ni watu."

"Na wewe uliwajazia wangapi?"

Akafikiri. "Kama sitini hivi."

"Uliandika nini?"

"Ndiyo." Akaongeza haraka, "Kila mtu anaandika ndiyo. Ukiandika hapana utamharibia mwenzako."

"Kulikuwa na biashara gani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, na hapo akawa anacheka. Mmoja alikuwa na mashine ya kuanika viatu. Mwingine juisi ya unga. Mwingine huduma ya kukuamsha asubuhi kwa kukupigia simu, na usipoamka anakuja mtu.

"Ungeinunua hiyo mashine ya viatu?"

"Mimi? Nina pea mbili, Mjomba, na jua liko bure."

Alicheka peke yake kidogo. Halafu kicheko kikakatika. Akachukua nakala zake, akazigonga mezani zilingane kingo, akazigonga tena, na tena, ingawa zilikuwa zimekwisha kulingana.

"Mama amekutuma," akasema.

"Mama yako hajui lolote. Umesema mwenyewe."

"Basi mbona unaniuliza leo? Umekaa wiki mbili na hilo jambo."

Nikafunga daftari. Akatoka bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake.

Jumanne sikumwona. Mwenzake wa chumba, msichana mwenye sauti ya kusikika korido mbili, alikuja kutoa nakala akaniambia Sindano hali, halali, na amezitandaza hojaji zote mia na ishirini kitandani. "Anatafuta mwandiko wangu, Mjomba. Nimemwambia asihangaike, nimejaza kumi na moja, nyingine kwa mkono wa kushoto ili zisifanane. Nilikuwa namsaidia."

Jumatano saa tano nilipeleka karatasi za mazoezi maabara ya kemia, nikamkuta amesimama mlangoni na daftari. Kundi moja lilikuwa linatoka na jingine linaingia, na hapo ndipo nilipolitazama vizuri jambo ambalo nimelipita miaka yote. Anayetoka anavua koti, anayeingia analipokea likiwa bado na joto la mwenzake, analivaa. Makoti thelathini, makundi sita. Hakuna mwenye koti lake isipokuwa wachache, na Sindano alikuwa mmoja wao. Mama yake alimshonea wiki ya kwanza ya chuo. Mwenye koti lake hapangi foleni mlangoni, huingia moja kwa moja. Kwa miaka miwili alikuwa akipita pembeni ya foleni hiyo, akisikia wenzake wakisema "koti lako zuri, tungepata kama hilo", na akaamini kuwa anayesifu ni mteja.

Fundi wa maabara, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa akimtazama kwa huruma kidogo. "Binti, koti hapa ni kama zamu ya mlinzi. Akishuka huyu anapanda huyu. Nani anunue zamu?"

"Lakini haliwatoshi, Mzee."

"Saa tatu kwa wiki. Mtu huvumilia hata mkwe kwa saa tatu."

Waliokuwa foleni wakacheka. Sindano hakucheka. Aliendelea kuwauliza mmoja mmoja, na safari hii hakuwa na karatasi ya kuweka alama. Aliwauliza kwa mdomo: utanunua, au utaendelea kupokea hili? Watu arobaini na tatu. Nilisimama na karatasi zangu nikimsikia akiuliza, sauti ikizidi kukauka. Watatu walisema wangenunua.

Tukiteremka ngazi akaniambia, "Mjomba, tumbo linaniuma tangu jana. Nikisimama kesho na zile mia na ishirini nitakuwa mwongo. Nikisimama na hizi tatu nitakuwa kichekesho."

"Unaweza usisimame."

"Nisiposimama nafeli somo." Akashuka ngazi tatu au nne. "Bora kichekesho. Wakinicheka hawatanipa chumba, na fomu naichana, basi, yamekwisha. Mama hatajua kama ilikuwepo."

Nikaona amepata nafuu. Alikuwa amepata njia ya kuamuliwa.

Alhamisi, tarehe 14. Jua kali tangu asubuhi. Jopo lilikaa ukumbi mdogo kuanzia saa nane mchana. Mimi nilikaa nyuma karibu na soketi, maana projekta ile hukatika usipoishikilia waya. Bwana Fursa alifungua kwa picha ya kwanza ukutani: asilimia tisini na mbili ya wanafunzi wetu sasa wana nia ya kuanzisha biashara. Nilizifahamu hojaji za asilimia hiyo. Nilizitolea nakala mimi, zikagawiwa kipindi cha mwisho kabla ya alama kutoka, zikakusanywa na kiongozi wa darasa, na juu kabisa palikuwa na nafasi ya kuandika jina.

Wakapita sita, kila mmoja na ndiyo zake mia na ishirini. Sindano akawa wa saba. Aliliinua rundo lake ili jopo lilione, kisha akaliweka chini.

"Hizi tulijaziana," akasema. "Mimi pia niliwajazia wenzangu. Jana niliuliza mlangoni mwa maabara. Arobaini wamekataa. Watatu wamekubali."

Ukumbi ukaanza kunong'ona kama mafuta yaliyotiwa kitunguu. Mtu wa nyuma yangu akasema, "Huyu ametuchoma wote." Bwana Fursa alisimama nusu, akakaa. "Binti," akasema polepole, "unajua unachowafanyia wenzako?"

"Najua, Mwalimu. Mwandiko wangu pia uko kwenye zao."

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja wa makamo aliyealikwa kutoka nje, mwenye kiwanda cha sare za shule. Mchana kutwa alikuwa akijipepea kwa ratiba bila kuuliza kitu. Akaacha kujipepea.

"Hao watatu ni nani?"

"Mmoja ni mrefu sana, mikono inaishia hapa. Mmoja ni mfupi, pindo linaingia kwenye maji ya sakafuni. Wa tatu ni mjamzito, koti halifungi, na fundi wa maabara hamruhusu kusimama karibu na asidi likiwa wazi. Amekosa mazoezi mawili."

"Asante. Kaa."

Saa kumi na nusu matokeo yalisomwa kutoka kwenye karatasi, bila sababu. Chumba cha kitivo chetu: makoti ya maabara.

Nilikuwa nikimtazama. Sijawahi kuona mtu aliyeshinda akakunja uso namna ile. Wachache walipiga makofi. Bwana Fursa, na hili nimwandikie kwa haki, alikuwa wa kwanza kumpa mkono, ingawa jasho lilikuwa limemlowesha shati. "Fomu dirishani kabla ya saa nne kesho. Usikae kuwaza sana. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Limekwisha kuuma, Mwalimu," akajibu.

Karibu na kwao akasema, "Nilidhani nimejitoa, Mjomba."

Dada yangu alikuwa kwenye cherehani, anamalizia pindo la pazia. Alipotuona wawili pamoja, na saa ile, mguu ukasimama kwenye pedali. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Shikamoo."

Alimweleza yote akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho, mpaka ule ukurasa wa pili wenye herufi ndogo. Dada hakumkatiza. Alikuwa akichomoa pini kwenye pazia moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake. Pini zilipokwisha akasema, "Nilikushonea njia ya kuondoka kwenye kiti hiki. Miaka ishirini na mbili. Sasa umezunguka chuo kizima, ukarudi kunigongea niondoke nikupishe ukae."

"Si kiti hiki, Mama. Kule kuna chumba, kuna—"

"Kuna cherehani?"

"Ipo."

"Basi ni kiti hiki."

Nikajaribu kuingilia. "Dada, mtoto hajaamua bado."

"Wewe nyamaza. Fomu umeitoa nakala wewe."

Sindano alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, chini ya vipimo vya chaki. Sasa alikuwa analia, ila bila sauti. "Mama, nikimaliza kemia nikawa kama yule wa bahasha? Nikienda huko na wateja wenyewe ni watatu? Niambie niende au nisiende."

"Nikikwambia nenda, likiharibika ni mimi. Nikikwambia kaa, ukijuta ni mimi. Nina mgongo mmoja tu, mwanangu, na huu tayari unauma." Akaukunjua mguu, akalisugua goti. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoongea nayo na wateja, akauliza, "Hao watatu umewapima?"

"Bado."

"Hujawapima."

"Mama, ilikuwa wasilisho tu, sikuwa na—"

"Wiki zote hizi unazungumza makoti, na hujamzungushia mtu tepu hata mmoja. Umewauliza mia na ishirini, umewauliza arobaini, umesimama mbele ya wakubwa. Huyo mwenye mimba keshokutwa tumbo litakuwa si lile." Akarudi kwenye pazia. "Kula kwanza. Chakula kipo."

Hakula. Niliwaacha hapo, mmoja anashona na mwingine amekaa chini. Sikujua nani kati yao ninamhurumia zaidi. Usiku huo nililala vibaya.

Ijumaa, tarehe 15. Manyunyu, kisha ukungu hadi saa tatu.

Saa moja na robo Sindano alikuwa mlangoni mwa maabara, na tepu ya mama yake shingoni. Niliambiwa na fundi wa maabara, aliyemkuta hapo alipokuja kufungua. Yule mjamzito alifika saa moja na nusu. Sindano alimpima mabega, mikono na kifua. Kwenye tumbo alimuuliza mwezi wa ngapi, akapima, akaandika, akaongeza. Yule mrefu ilibidi ainame. Yule mfupi alichelewa, akapimwa kwa haraka huku wenzao wakigawiwa makoti pembeni.

Zoezi la Ijumaa huanza saa mbili na kwisha saa tano. Anayetoka katikati hahesabiwi kuwa amelifanya. Wote wanalijua hilo.

Saa nne kasorobo nilikuwa na barua za kupeleka ofisi ya usajili. Karani wa dirishani aliniuliza, "Mpwa wako mbona haonekani? Jina lake ninalo hapa, muhuri uko tayari." Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nikarudi kupitia njia ndefu, inayopita nyuma ya maabara, kwenye madirisha ya vioo.

Alikuwa ndani, meza ya tatu, koti limefungwa hadi shingoni. Mbele yake ilisimama bureti, lile bomba jembamba la kioo la kudondoshea asidi, na chini yake chupa. Hakuniona. Saa ya ukutani iko juu ya ubao, na ilipofika saa nne nilimwona akiinua macho kuitazama, mkono ukiwa bado kwenye koki ya bureti. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma saa. Kisha akarudisha macho kwenye kioo, akaifungua koki kidogo, akaachia tone moja, akaandika.